Kukaza skrubu za injini kuukuu bila kuua nyuzi zake

Mtu aliyewahi kukata nyuzi za bolti ndani ya alumini anaijua dalili yake bila kuelezwa na yeyote. Spana inazunguka kwa uzito unaoongezeka kidogo kidogo, kisha ghafla inakuwa nyepesi, kama mtu mliyekuwa mkivutana kamba akaamua kuiachia. Mimi niliipata dalili hiyo kwa mara ya kwanza uani kwetu Tanga, nikiwa nimepiga magoti mbele ya pikipiki ya marehemu baba, Honda CG125, nikikaza skrubu ya chini ya kava la klachi ambayo, kwa kweli, ilikuwa imekwisha kaza. Nilikuwa nimeona tone la oili likining'inia chini ya kava, nami nikaamini kwamba robo mzunguko zaidi ingelikomesha.

CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 124, na vali zake husukumwa kwa vijiti badala ya cheni ndefu ya juu, kwa sababu waliobuni pikipiki hiyo waliilenga kwa nchi ambako chombo hubebeshwa mizigo, hupitishwa njia mbovu na huhudumiwa mara chache. Injini nyingi za pikipiki za Kichina zinazobeba abiria katika miji na vijiji vyetu zimefuata umbo lake, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa yanamhusu pia asiyekuwa na chombo cha kale. Jambo la kuzingatia ni kwamba ndani ya kava la kulia mna chujio la wavu pamoja na chujio la kuzunguka lililofungwa kwenye ncha ya karanki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, na vyote viwili havisafishwi mpaka kava lote litolewe. Kava la namna hiyo likishaishi miaka arobaini huwa limefunguliwa na mikono mingi, na kila mkono, kwa kuogopa lawama ya oili kuvuja, umeongeza nguvu kidogo kuliko ule uliotangulia. Skrubu inayokatika leo mara nyingi ilianza kuuawa na mtu wa zamani sana.

Niliikokota pikipiki hadi Ngamiani kwa fundi mmoja mzee ambaye alikuwa akiihudumia tangu enzi za baba. Baada ya shikamoo na marahaba aliingiza bisibisi katika skrubu ile, akaizungusha kwa vidole viwili bila kupata upinzani wowote, kisha akanitazama. "Hii ni alumini, mwanangu, si reli ya Korogwe." Sikuwa na la kujibu.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifunza zaidi kuliko maneno. Alibana kipande cha kava bovu kwenye jiliwa, akaingiza bolti ya milimita 6 yenye kichwa cha namba 10, akaivisha ringi spana, kisha akafunga kamba kwenye mpini wa spana mahali palipo sentimita 15 kutoka katikati ya bolti. Kwenye kamba alitundika mizani ya springi yenye ndoano, ile ambayo wauza samaki huning'iniza papa na changu. Akaniambia nivute kwa pembe mraba na spana, macho nikiyaelekeza pembeni, mpaka nihisi kwamba bolti imekaza kama ninavyokaza siku zote. Nilipoacha, alikuwa ameisoma mizani: kilo 14. Kisha akavuta yeye, polepole, akasimama kwenye kilo 6 na zaidi ya nusu kidogo, akasema hapo panatosha.

Hesabu yake ni nyepesi mno hata inashangaza kwamba hatufundishwi mapema. Vitabu vya zamani vya matengenezo huandika nguvu ya kukaza kwa kg-m, yaani kilo za kuvuta mara mita za urefu wa spana, na bolti ya kawaida ya milimita 6 katika jedwali la jumla la Honda hupewa 1.0. Ukigawa 1.0 kwa urefu wa spana kwa mita, yaani 0.15, unapata kilo 6.7 za kuvuta. Mimi nilikuwa nikiweka zaidi ya mara mbili ya hapo na kuiita kazi safi. Kwa vipimo vya siku hizi 1.0 kg-m ni karibu Nm (newton-mita) 10, na jedwali hilohilo linaipa skrubu ya milimita 6 yenye kichwa cha bisibisi Nm 9, bolti ya milimita 5 inapewa Nm 5 tu, na ya milimita 8 inapewa Nm 22. Kitabu cha modeli husika kikitaja tarakimu tofauti kwa bolti fulani, kinafuatwa kitabu. Tazama pia jinsi tarakimu zinavyoruka: kutoka milimita 6 hadi 8 unene umeongezeka kwa theluthi, lakini nguvu imezidi mara mbili, ndiyo maana mkono uliozoea kufunga nati za tairi hauwezi kuaminiwa hata kidogo kwenye makava.

Anayemiliki spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, aangalie kipimo chake kabla ya kuiamini. Ile kubwa ya nusu inchi, inayouzwa kwa ajili ya magari, aghalabu huanzia Nm 30 au 40, na kuitumia kwa bolti ya milimita 6 ni sawa na kupima chumvi ya mchuzi kwa mizani ya magunia. Inayofaa ni ndogo, ya kuanzia Nm 5 hadi 25. Zaidi ya hapo, nyingi zina mistari miwili ya vipimo, Nm upande mmoja na futi-ratili upande wa pili. Mwenye kuiweka 10 kwenye mstari usio wake atakaza kwa Nm 13.6 na kushangaa kwa nini kifaa cha kisasa kimemkatia nyuzi. Asiye nayo achukue mizani ya samaki, au hata dumu la maji, kwani lita moja ya maji ni kilo moja: spana ikilala mlalo na dumu lenye lita sita na nusu likaning'inia sentimita 15 kutoka kwenye bolti, mkono utajifunza uzito huo kwa jioni moja. Kwa skrubu za nyota kuna bisibisi zenye shingo ya pembe sita ambayo huvishwa ringi spana, na hesabu inabaki ileile.

Tarakimu hizo, hata hivyo, zina sharti ambalo wengi hulipita bila kulisoma: nyuzi ziwe safi na kavu. Bolti iliyokazwa ni springi iliyovutwa kidogo, na kinachobana kava ni ule mvuto, si mzunguko wa spana. Wahandisi hukadiria kwamba karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu ya mkono huliwa na msuguano, nyingine chini ya kichwa na nyingine ndani ya nyuzi, na sehemu moja tu ndiyo inayovuta bolti. Kwa Nm 10 bolti kavu ya milimita 6 hubana kwa zaidi ya kilo 800. Ukipaka oili nyuzi hizo na kukaza kwa Nm 10 zilezile, msuguano unapungua, na kinachookolewa chote kinakwenda kwenye kuvuta, hata mbano huweza kupita kilo 1,000, na nyuzi za alumini zilizochoka zinaweza kung'oka bila mtu kuhisi amezidisha. Kinyume chake ndicho kinachotusumbua sisi wa pwani: skrubu iliyokula chumvi na kujaa unga mweupe husaga, hulalama, hukataa kuzunguka, nawe unadhani imekaza, kumbe nguvu yote imemezwa na uchafu na kava halijabanwa hata nusu. Mimi hupaka ukungu tu wa grisi ya shaba kwenye nyuzi kwa ajili ya chumvi hiyo, kisha napunguza kipimo kwa karibu robo.

Injini iwe baridi pia. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa kila digrii ya joto, kwa hiyo mbano wa bolti katika injini ya moto si ule wa injini iliyolala usiku kucha, na tarakimu za vitabu zimeandikwa kwa injini iliyopoa. Fundi anayemalizia kukaza makava huku injini ikiwa bado inachoma vidole, ili mteja aondoke haraka, anapima kitu kingine kabisa.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi, na hilo sikulifanya kwa nguvu bali kwa uzembe. Matundu mengi ya skrubu kwenye kasha la injini hayatokei upande wa pili. Ni matundu bubu, yenye mwisho. Nilikuwa nimeosha kasha kwa petroli, nikalilaza ubavu, na oili iliyobaki ikatiririka kwenye tundu moja la mbele bila mimi kuiona. Nilipoingiza skrubu, oili haikuwa na pa kutokea. Kimiminiko hakibanwi: kila mzunguko wa skrubu uligeuza tundu lile kuwa jeki ndogo, na ukuta wa alumini ukapasuka kwa sauti ndogo kama ya kuvunja njugu. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele, wa urefu wa ukucha, na ulitosha kunipeleka kwa mchomeleaji wa alumini na kurudi bila fedha ya mwezi. Tangu hapo siweki skrubu yoyote kabla ya kuchovya kijiti chenye pamba katika kila tundu mpaka kitoke kikavu, kisha napuliza kwa pampu ya baiskeli, uso nikiwa nimeugeuza na macho nimeyafunika.

Kusafisha nyuzi zenyewe hakuhitaji tapu, kile chombo cha kukatia nyuzi ndani ya tundu, na mimi ningemkataza mtu kuitumia kwenye alumini kuukuu, kwani tapu haijui kutofautisha uchafu na nyuzi, inakata vyote viwili. Chukua bolti nzuri ya milimita 6 yenye hatua ya milimita 1, ikate mfereji mmoja au miwili kwa urefu wake kwa msumeno wa chuma, uondoe makali kwa tupa laini, uiingize kwa vidole ikiwa na tone la mafuta ya taa. Mifereji itabeba unga mweupe na gundi ya zamani nje. Niliyoitengeneza mwaka ule bado ninayo, kwenye kopo la peremende.

Suala la urefu wa skrubu linaonekana la kitoto mpaka likupate. Skrubu za kava moja hazilingani, na mtu akizichanganya, ile ndefu itagonga mwisho wa tundu kabla kichwa hakijabana, na ile fupi itashika nyuzi tatu tu za juu na kuzing'oa. Ndani ya alumini nyuzi zinapaswa kushika kwa angalau mara moja na nusu ya unene wa bolti, yaani milimita 9 kwa bolti ya milimita 6. Wakati wa kufungua, chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila skrubu mahali pake. Na ikiwa pikipiki imekujia na skrubu zilizokwisha changanywa na waliotangulia, weka kava na gasketi mahali pake, kisha dumbukiza kila skrubu katika tundu lake bila kuizungusha hata kidogo na uinamishe kichwa usawa wa kava. Zote zinapaswa kusimama juu ya kava kwa kimo kimoja, kiasi cha milimita 10 hivi. Inayochomoza kama mlingoti imekosea njia, na inayokaribia kuzama ni fupi.

Kisha ndipo vidole vianze kazi. Zungusha skrubu kinyume kwanza, kama unayeifungua, taratibu, mpaka uhisi inadondoka kidogo na kutoa mlio mdogo wa "tik". Hapo uzi wa skrubu umekutana na mwanzo wa uzi wa tundu, nawe unaweza kuipeleka mbele bila hofu ya uzi kupanda juu ya uzi. Zote ziingie kwa vidole mpaka vichwa viguse. Baada ya hapo ninakaza kwa kuruka kutoka upande mmoja kwenda ule unaoukabili, raundi ya kwanza kwa nusu ya kipimo na raundi ya pili kwa kipimo kamili, halafu nazunguka mara ya mwisho kuhakiki, kwa sababu gasketi mpya hulala na ile skrubu ya kwanza hukutwa imelegea kidogo. Kava lenyewe lazima liwe limekaa kwenye pini zake za kulenga kwa kusukumwa na viganja. Kulivuta likae kwa skrubu ni njia ya haraka ya kuvunja sikio lake.

Kufungua ndiko kunakoharibu vichwa. Skrubu za nyota za injini za Kijapani za zamani si sawa kabisa na za nyota tulizozoea, ingawa kwa jicho zinafanana: zina umbo la kiwango cha Kijapani, na nyingi huwa na nukta moja ndogo kwenye kichwa. Bisibisi ya kawaida ya nyota haifiki chini yake, hupanda juu nguvu inapozidi na kuondoka na kingo za msalaba. Ukikosa bisibisi yenyewe, kusaga ncha ya ile ya kawaida kwa kiasi kidogo sana husaidia izame zaidi. Bora kuliko zote ni bisibisi ya kugonga, ambayo hugeuza pigo la nyundo kuwa mzunguko huku ikiibana skrubu isichomoke. Kabla ya hapo naigonga skrubu kichwani kwa kipande cha shaba, natia mafuta ya kupenyeza tangu jana yake, na ikikataa bado namwagia maji yaliyochemka kwenye kava, maana alumini ikitanuka zaidi ya chuma huachia. Wapo wanaotumia moto wa gesi. Mimi siwezi kuushauri karibu na tangi la petroli.

Nina neno pia juu ya skrubu za chuma kisichoshika kutu, zile zinazong'aa za kufungwa kwa alenkii, ufunguo wa pembe sita, ambazo siku hizi kila mtu hubadilishia ili injini ipendeze. Zinapendeza kweli. Lakini chuma hicho kikikaa ndani ya alumini katika hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na pasipo grisi utaikuta imegandamana baada ya mvua mbili. Tena alenkii ndefu humpa mtu mkono ambao bisibisi haikumpa. Zile skrubu laini za kiwandani, mkono ukizidi, hukatika au kuharibika kichwa zenyewe kwanza, na skrubu ni shilingi mia chache. Skrubu ngumu haikatiki, kinachokwenda ni nyuzi za kasha. Ninabaki na zile za zamani, na zikiharibika kichwa natupa, sisubiri mara ya pili.

Kuhusu oili inayovuja kwenye maungio, nguvu zaidi haisaidii, kwa sababu kava likizidi kubanwa huinama kwenye vichwa vya skrubu na kujikunja kidogo katikati ya skrubu na skrubu, hapohapo palipokuwa pakivuja. Laza kava juu ya kioo kinene kilichobandikwa msasa laini wa 400, ulisugue kwa mwendo wa nambari nane, nawe utaona mahali ambapo msasa haukugusa. Karatasi ya gasketi iliyokatwa vizuri kwenye uso ulionyooka huhitaji grisi kidogo tu. Silikoni iliyozidi, inayobanwa ndani kama dawa ya meno, hujitenga vipande vipande na kwenda kuziba wavu wa chujio.

Nyuzi zikishakufa, zimekufa; gundi ya chuma na uzi wa pamba haviwezi kuzifufua. Tundu langu lilitobolewa kwa keekee ya milimita 6.3, likapitishwa tapu yake maalumu, likaingizwa koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu mpaka ikazama nusu mzunguko chini ya uso wa kasha, na kikono chake kikavunjwa kwa kugongwa. Kazi ilichukua nusu saa, na tundu lile sasa ni imara kuliko yote yaliyobaki.

Nilirudi nyumbani nikafunga kava kwa mizani ya samaki niliyoazimwa, kilo 6 kwa kila skrubu kwa kuwa ni Nm 9, nikaweka boksi chini ya injini na kwenda kulala. Asubuhi palikuwa na tone. Nikafuta injini yote kwa petroli, nikaiacha ikauke, nikaipaka poda ya mtoto kuanzia juu hadi chini, kisha nikaiwasha na kuiacha ingurume kwa dakika kumi. Mchirizi mweusi ulijichora kwenye poda ukianzia chini ya shafti ya kiki, ukafuata ukingo wa kava, ukashuka hadi kwenye skrubu ile ya chini na kuning'inia hapo. Ilikuwa sili ya kiki iliyokauka, kipande cha mpira cha ukubwa wa pete, kisichofungwa kwa skrubu hata moja.